Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya na Waziri wa TAMISEMI: Mjamzito mwenye kifafa amepotea katikati yenu

Waheshimiwa Mawaziri,

Nawaandikia kutoka hapa hapa Dodoma, si mbali na ofisi zenu za Mtumba. Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nimefanya kazi kliniki za wajawazito na wodi za wazazi katika wilaya kadhaa za mkoa huu, nikianzia zahanati na kumalizia hospitali, na majirani zangu bado hawajakubali kwamba nimestaafu: mtu akianguka usiku, mlango wa kwanza kugongwa ni wangu. Nimewaandikia wote wawili kwa makusudi. Miongozo ya tiba inatoka Wizara ya Afya, ilhali zahanati, vituo vya afya na hospitali za wilaya viko chini ya TAMISEMI, yaani Tawala za Mikoa na Serikali za Mitaa. Jambo ninalolileta limelala katikati yenu, na kila nikilipeleka upande mmoja naambiwa liko upande wa pili.

Ni habari ya mwanamke mwenye kifafa anayebeba mimba.

Katika hospitali zetu nyingi za wilaya, mwenye kifafa anatibiwa kliniki ya afya ya akili. Hilo lina historia yake, na sisi wa Dodoma tunaijua kuliko wengine kwa sababu hospitali ya akili ya Mirembe iko hapa tangu 1927. Sina ugomvi na wahudumu wa kliniki hizo. Wengi wao wanajituma kweli kweli, na bila wao wagonjwa hawa wasingekuwa na pa kwenda. Lakini mwanamke huyo huyo akishika mimba anakwenda kliniki ya mama na mtoto: jengo lingine, siku nyingine, rejista nyingine, kadi nyingine. Kule anajulikana kama mgonjwa asiye na mimba. Huku anajulikana kama mjamzito asiye na ugonjwa.

Miaka michache kabla sijastaafu alikuja binti mmoja kutoka kijiji cha wilaya ya Bahi, mimba yake ya kwanza. Kadi yake haikuwa na doa: wiki 22, presha 110 kwa 70, damu ya kutosha, VVU hakuna. Penye magonjwa ya muda mrefu, aliyempokea hudhurio la kwanza alikuwa ameandika "hapana". Nilipomlaza kumpima tumbo, pazia likiwa limefungwa, niliona kovu la moto kutoka kwenye kiwiko hadi mkononi, vidole viwili vya mwisho vimejikunja na kushikana. Kwa aliyefanya kazi Ugogoni, kovu la namna hiyo lina maana yake. Mtu mwenye fahamu akiangukia mafiga anautoa mkono haraka. Huyu mkono wake ulibaki motoni.

Nilimuuliza kwa sauti ya chini. Kwanza aliangalia pazia. Kisha akaingiza mkono ndani ya vitenge alivyojifunga, akatoa mfuko wa rambo uliokunjwa mara kadhaa, na ndani yake daftari la shule lililojaladiwa kwa gazeti. Ukurasa wa mwisho wenye maandishi ulisema valproeti miligramu 200, kidonge kimoja mara tatu kwa siku, na tarehe ya mwezi uliopita. Aliyeandika alikuwa mhudumu wa kliniki ya akili wa hospitali ile ile, upande wa pili wa ua.

"Mume wangu hajui," akaniambia. "Wakijua kwao, watadai ng'ombe wao."

Mume mwenyewe alikuwa amekaa kwenye benchi, hatua chache kutoka kwenye lile pazia, kwa sababu sisi ndio tuliomwita. Tunahimiza mama aje na mwenza hudhurio la kwanza ili wapime VVU pamoja, na hilo ni jambo jema. Nimelihubiri mimi mwenyewe mpaka sauti ikakauka. Tatizo ni kwamba maswali mengine yote tunayamaliza hapo hapo mezani, mume anasikiliza, wakati mwingine na mama mkwe pembeni. Ukimuuliza mwanamke "una kifafa?" katika baraza la namna hiyo, jibu unalo kabla hujafungua mdomo. Wako wanaoamini kuwa povu la mtu aliyeanguka linaambukiza. Wako wanaosema ni mapepo, au kwamba ugonjwa umetoka kwenye ukoo na utaingia kwenye watoto. Binti aliyelelewa katikati ya maneno hayo hawezi kusema ndiyo mbele ya waliomtolea mahari.

Sasa niseme kwa nini daftari lile lilinitia hofu. Valproeti inadhibiti vizuri aina nyingi za kifafa, hilo halina ubishi, na kuna wagonjwa ambao dawa nyingine haziwafai. Lakini katika dawa za kifafa zinazotumika sana, hiyo ndiyo yenye madhara makubwa kuliko zote kwa mtoto aliye tumboni. Rejista ya kimataifa ya EURAP, inayofuatilia mimba za wanawake wanaotumia dawa hizi, ilichapisha matokeo yake 2018. Kwa mama waliotumia valproeti peke yake, mtoto 1 kati ya 10 alikuwa na kasoro kubwa ya maumbile: mgongo wazi, tundu kwenye moyo, mdomo sungura. Kwa fenobabitoni ilikuwa kati ya 6 na 7 kwa kila 100, kwa kabamazepini kati ya 5 na 6. Kwa lamotrijini na levetirasetamu hawakufika 3, ambayo haiko mbali na watoto wa mama wasiotumia dawa yoyote. Kipimo nacho kina uzito wake: kadiri valproeti inavyoongezwa ndivyo hatari inavyopanda.

Na hizo ni kasoro zinazoonekana kwa macho siku ya kuzaliwa. Watoto 30 hadi 40 kati ya 100 waliopata valproeti tumboni huweza kuwa na matatizo ya ukuaji wa akili, wengine kuchelewa kutembea na kuongea, wengine uwezo mdogo wa kujifunza, wengine usonji. Hawa hawaingii kwenye takwimu zetu kabisa. Mtoto anafika darasa la kwanza, mwalimu anasema ni mzito, bibi anasema amelogwa, na hakuna hata mmoja anayelikumbuka daftari lililofichwa kwenye mfuko wa rambo miaka saba iliyopita.

Shirika la Afya Duniani, WHO, lilitamka mwaka 2023 kuwa valproeti isiandikwe kwa wasichana na wanawake wanaoweza kushika mimba. Uingereza tangu 2018 inataka mwanamke anayeitumia awe kwenye mpango maalumu wa kuzuia mimba na aonwe na bingwa kila mwaka. Hapa kwetu nimeona binti wa miaka 15 akiandikiwa dawa hiyo sawasawa na babu wa miaka 60. Si kwamba aliyeandika hajali. Rafu ndiyo iliyoamua. Katika vituo nilivyopita, mwezi mmoja utakuta kabamazepini tu, mwezi unaofuata fenobabitoni tu, kisha valproeti, na mgonjwa anabadilishiwa kufuata kilichopo stoo. Kwa mgonjwa yeyote wa kifafa huo ni mchezo wa hatari. Kwa mwenye tumbo ndiyo kabisa.

Hapa niwageukie kidogo wasomaji wengine wa barua hii, maana najua itasambazwa kwenye makundi ya WhatsApp na mtu ataisoma nusu. Dada yangu, kama unatumia dawa ya kifafa na una mimba, au unafikiria kuwa nayo, USIACHE DAWA kwa sababu ya barua hii. Nenda kwa daktari upesi, na mpaka umwone endelea kumeza kama ulivyoandikiwa. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika, mtu anaanguka na harudi kwenye fahamu, na hilo linaua mama na mtoto kwa pamoja. Nimewasikia wauza dawa, majirani, na inaniuma kusema hata wauguzi wenzangu, wakimwambia mama "acha hizo dawa, utamdhuru mtoto". Ushauri huo unatolewa kwa nia njema, na ni wa kuua.

Binti wa Bahi hatukumkatia dawa. Mgongo wa mtoto hufunga ndani ya siku 28 tangu mimba kutungwa, na yeye alikuwa wiki ya 22. Kwa upande huo kilichokuwa kitokee kilishatokea. Tulimpigia daktari wa hospitali ya rufaa, akapangiwa picha ya ultrasaundi na akaanza kufuatiliwa. Alijifungulia hospitali, kwa njia ya kawaida (kifafa peke yake si sababu ya upasuaji, ingawa baadhi yetu tunakimbilia kisu tukisikia neno hilo). Mtoto alizaliwa na mgongo mzima. Alichelewa sana kuongea. Kama ni dawa au si dawa, hakuna atakayeweza kusema, na mumewe hadi leo anajua alichokijua siku ile ya benchi.

Waheshimiwa, hata tukiziondoa valproeti zote kesho asubuhi, milango hii miwili itaendelea kuwaumiza wanawake, na hapa naomba mnivumilie maana ndipo penye undani wa jambo.

Mjamzito mwenye kifafa akikutwa na VVU anaanzishiwa ARV siku hiyo hiyo, na dawa iliyomo ndani ya kidonge chetu cha kawaida ni dolutegraviri. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huifanya dolutegraviri iondoke mwilini haraka. Kwa anayetumia kabamazepini, kipimo cha dolutegraviri kinatakiwa kuwa mara mbili kwa siku badala ya mara moja. Asiposema, na sisi tusipouliza, tunampa nusu ya anachohitaji na kumhesabu kwenye rejista kuwa amekingwa yeye na mtoto wake.

Huyo huyo anahitaji asidi ya foliki nyingi kuliko wenzake. Wataalamu wengi hupendekeza miligramu 4 au 5 kwa siku kwa wanaotumia baadhi ya dawa hizi, wakati mjamzito wa kawaida anatosheka na mikrogramu 400. Lakini tunampa pia SP ya kukinga malaria, na WHO inasema wazi kuwa foliki ya miligramu 5 au zaidi isitolewe pamoja na SP kwa sababu inaipunguza nguvu. Muuguzi wa zahanati afanye nini hapo? Dodoma malaria si kali kama kanda nyingine, kwa hiyo jibu letu pengine lisifanane na la Kigoma. Ni swali la kujibiwa na wataalamu mezani Mtumba. Asiachiwe muuguzi wa ngazi ya cheti aliye peke yake zamu ya usiku.

Na foliki yenyewe inafika ikiwa imechelewa. Tunampa mama vidonge vya kuongeza damu akija kliniki, mara nyingi tumbo limeshaonekana, wakati zile siku 28 zilipita hata kabla hajajua kuwa ana mimba. Kanuni za kuongeza virutubisho kwenye unga zipo tangu 2011, lakini tembea vijiji vya Chamwino, Chemba au Kongwa uone watu wanakula nini: mtama, uwele, dona ya mahindi yao wenyewe, vimesagwa kwenye mashine ya kijiji. Unga wenye virutubisho ni wa dukani. Mlenda unasaidia, na mimi ni mpenzi wake mkubwa, ila kwa mwanamke anayemeza kabamazepini kila siku mlenda peke yake hautoshi. Njia ya uhakika ni kumpa foliki pale anapochukua dawa zake za kifafa, kabla ya mimba, kwenye benchi la kliniki ya akili.

Benchi hilo hilo lingefaa kuzungumzia uzazi wa mpango. Wanawake wengi wa huku wanapenda vijiti. Kabamazepini, fenitoini na fenobabitoni huvipunguza nguvu vijiti pamoja na vidonge vya majira, na mwanamke anashika mimba kijiti kikiwa mkononi, kisha anaambiwa alikuwa muongo. Sindano ya miezi mitatu haiathiriwi, na kitanzi cha shaba hakiathiriwi. Maelezo haya ni ya dakika mbili. Nani ayatoe? Mhudumu wa kliniki ya akili anaona uzazi wa mpango ni kazi ya wakunga, na mkunga hajui kuwa mteja wake anatumia kabamazepini.

Kuna na mwili wenyewe. Mimba huzisafisha dawa kutoka kwenye damu, nyingine kidogo, nyingine sana. Lamotrijini, ambayo ndiyo tungeipenda kwa usalama wa mtoto, hushuka kiasi kwamba mama aliyekuwa hajaanguka mwaka mzima anaanza kuanguka mwezi wa tano, na akishajifungua kipimo kilichoongezwa kinatakiwa kipunguzwe, la sivyo kinamlevya. Ongezeni kutapika kwa miezi ya mwanzo na kukosa usingizi kwa miezi ya mwisho. Kwa hiyo nisieleweke kuwa naomba vidonge vipya tu. Dawa salama bila mtu wa kumwona mama kila mwezi akiwa na daftari na kadi mkononi, vyote viwili, ni nusu ya kazi.

Najua ofisini mkisikia "kifafa" na "mjamzito" katika sentensi moja mtawaza kifafa cha mimba. Huo ni ugonjwa mwingine, unatokana na presha ya mimba, na mimi ni wa kwanza kukiri kuwa nchi imepiga hatua. Utafiti wa afya wa 2015-16 ulihesabu vifo vya uzazi 556 kwa kila vizazi hai 100,000. Ule wa 2022 ulihesabu 104. Mfumo wa m-mama, mtu anapiga 115 na gari linatafutwa, umeokoa wanawake ambao zamani tungewabeba kwa mkokoteni wa ng'ombe. Hilo nalishuhudia bila kulipwa na mtu.

Ila magonjwa hayo mawili yanakutana wodini, usiku, na hapo ndipo kadi tupu inapogharimu maisha. Mjamzito aliyepita wiki 20 akianguka kifafa, anatibiwa kama ana kifafa cha mimba mpaka ithibitike vinginevyo: presha ipimwe, mkojo upimwe protini, aanzishiwe magnesiamu salfeti. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa 1995 ulionyesha kuwa mama waliopewa magnesiamu walianguka tena kwa kiasi cha nusu tu ya waliopewa diazepamu, na fenitoini iliipita kwa mbali zaidi. Miaka mingi imepita, na bado kuna zahanati ambako kinachoshikwa kwanza ni diazepamu, kwa sababu magnesiamu haipo, au ipo na kalisiamu glukoneti ya kuikata haipo, na muuguzi anaogopa kupumua kwa mama kusije kusimama mikononi mwake. Mashine ya presha yenyewe iko kabatini, betri zimekwisha tangu mwezi jana. Na upande wa pili, mwenye kifafa cha siku zote naye anaweza kupata kifafa cha mimba juu yake. Ndugu wakisema "huyu ndivyo alivyo, atanyanyuka", presha haipimwi, na hanyanyuki.

Yako na mengine ya ubongo na mishipa ya fahamu ambayo nayapitia haraka, si kwa kuwa ni madogo. Mama aliyejifungua juzi, kichwa kinamuuma siku ya nne mfululizo, anaona ukungu, mkono mmoja umelegea: hiyo inaweza kuwa damu iliyoganda kwenye mishipa ya ubongo. Sisi tunampa dawa ya malaria, au tukimwona anaweweseka tunasema amechanganyikiwa kwa uzazi. Hospitali ya Benjamin Mkapa ina mashine za kuona hayo, iko mjini hapa, na wengi hawafiki kwa sababu hakuna aliyefikiri kuwapa rufaa. Mjamzito anayetapika wiki kadhaa bila kubakiza kitu tumboni, tunamtundikia dripu ya glukosi bila kumtanguliza vitamini B1, na glukosi hiyo inaweza kuuharibu ubongo wake moja kwa moja, macho yakayumba na kumbukumbu ikapotea. Sindano ya B1 ingetangulia, basi. Mwanamke mwenye mimba ya miezi nane anaamka mdomo umepinda upande mmoja, ndugu wanampeleka kwa mganga kwa kuwa amepigwa na upepo, wakati ni mshipa wa uso tu, wengi hupona, na dawa yake hufaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72. Na huyo naye apimwe presha, tafadhali. Aliyekaa na uchungu siku mbili kijijini anatoka wodini anaburuta mguu, anaambiwa ni uchovu. Ni mshipa uliobanwa na kichwa cha mtoto, na anahitaji mazoezi ya viungo na mtu wa kumwambia ukweli.

Sasa niseme ninachotaka. Kwanza swali la kifafa liondolewe mezani, lihamie nyuma ya pazia, wakati wa kupima tumbo, mama akiwa peke yake. Jibu lisiandikwe kwa maneno. Majibu ya VVU tulijifunza kuyaandika kwa namba ili asiyehusika akiishika kadi asielewe kitu, na kifafa kinastahili heshima hiyo hiyo. Namba hiyo iwe na maana moja kwa kila mkunga wa nchi hii: mama huyu dawa zake ziangaliwe, asikatiwe, aonwe na daktari ndani ya wiki, ajifungulie hospitali, na baada ya kujifungua afundishwe kumwogesha mtoto kwenye beseni sakafuni akiwa na mtu karibu, na asikae peke yake na mafiga. Anyonyeshe pia, wengi wanakatazwa bure.

Kliniki ya akili nayo iwe na maswali mawili kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa, kila anapokuja: una mpango wa kupata mtoto, na unatumia njia gani ya uzazi. Asipotaka mtoto, apewe njia inayofaa dawa zake siku hiyo hiyo. Akitaka, apewe foliki na abadilishiwe dawa taratibu na daktari kabla ya mimba, maana kubadilisha ndani ya mimba ni kucheza na mawimbi. Lamotrijini na levetirasetamu zishuke hadi hospitali za wilaya na zikae huko bila kukatika. Zote zimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya WHO. Kama fedha hazitoshi kwa wote, basi wasichana na wanawake wa umri wa kuzaa watangulie, na valproeti ibaki kwa wanaume, kwa wazee, na kwa wanawake wachache ambao bingwa amesaini kuwa hakuna lingine. Hii iwahusu na wanaoitumia kwa magonjwa ya akili, maana valproeti hutolewa huko pia na tumbo la uzazi ni lile lile.

Gharama mtaniuliza. Sehemu kubwa ya ninayoyaomba ni karatasi na kalamu. Mkutano Mkuu wa Afya Duniani wa Mei 2022 ulipitisha mpango wa kifafa na magonjwa mengine ya mfumo wa fahamu wa 2022 hadi 2031, na nchi yetu ni mwanachama. Muda wa mpango huo unakwisha huku sijaona bango lake kwenye ukuta wa zahanati hata moja. Mabingwa wa mishipa ya fahamu nchini ni wachache mno, hilo silaumu mtu, hawaoti kama uyoga. Lakini simu zipo. Hospitali ya rufaa ipewe namba moja ya simu, daktari mmoja wa zamu, na kila kituo cha afya kuanzia Kondoa hadi Mpwapwa kijue kwamba mkunga akiwa na daftari mkononi na hajui afanye nini, anapiga pale. Mimi nilikuwa na bahati ya kuwa na namba binafsi ya daktari niliyesoma na dada yake. Mkunga wa kijijini asitegemee bahati hiyo.

Kadi ya kliniki huchapwa upya kila baada ya muda, na hufanyiwa marekebisho. Ninachokiomba kwenye toleo lijalo ni mstari mmoja chini ya magonjwa ya muda mrefu, wenye nafasi ya namba. Naomba Wizara ya Afya inijibu kwa maandishi kama mstari huo utakuwepo, na TAMISEMI inijibu ni lini waganga wakuu wa wilaya za Dodoma wataagizwa kuwakalisha wahudumu wa kliniki ya akili na wa mama na mtoto meza moja, hata kwa saa moja kwa mwezi. Chai nitapika mimi.

Wenu mtiifu,
Muuguzi mkunga mstaafu, Dodoma